Kumkataza mtu kwa Kihispania: namna ya kusema "usi" na "msi" kwa vitenzi vya kawaida

Ukianza kuongoza wageni wanaoongea Kihispania, maneno ya kwanza utakayoyahitaji sio "karibu" wala "asante", hayo wengi wanakuja wameshayashika kwa Kiswahili kabisa pamoja na hakuna matata yao. Utahitaji kukataza. Usifungue mlango, msishuke, msipige kelele, usimguse huyo. Mgeni ameona simba kalala pembeni ya barabara, simu iko mkononi, anataka picha ya karibu zaidi na mkono mwingine ushafika kwenye kitasa, hapo huna muda wa kufungua programu ya kutafsiri, ni sekunde moja tu na lazima kitoke kitu kinachoeleweka.

Cha ajabu ni kwamba masomo mengi ya Kihispania hii mada yanaiweka mbali huko, baada ya wakati uliopita na wakati ujao na mambo chungu nzima, eti kwa sababu ni ngumu. Kwa Mwingereza labda. Kwa mtu anayeongea Kiswahili mi naona ingewekwa wiki ya kwanza, na nitakuonyesha kwa nini. Mifano mingi nitaitoa kwenye gari la safari, mlimani na pwani sababu ndo sehemu wengi wetu tunakutana na Kihispania cha kweli, ila kanuni ni ileile ukiwa unalea watoto wa watu Barcelona au unachati na mtu wa Bogotá.

Vitenzi vyote vya Kihispania ukivitafuta kwenye kamusi vinaishia na moja kati ya hizi tatu: -ar, -er, -ir. Mfano hablar ni kuongea, comer ni kula, abrir ni kufungua. Hiyo ni kazi inayofanywa na "ku" yetu, ila wao wanaiweka nyuma. Vile visivyo na kona kona, yaani vinavyofuata kanuni, ndo tunavyovishughulikia hapa, vyenye kona nitavigusa kidogo tu mbele.

Sasa kwanza angalia Kiswahili chenyewe unafanyaje ukimkataza mtu. Gusa, usiguse. Sema, usiseme. Kimbia, msikimbie. Hujabandika "usi" mbele tu ukaishia hapo, na ile a ya mwisho umeigeuza ikawa e, na mtu akikwambia "usisema" unajua papo hapo kwamba huyu Kiswahili kajifunzia ukubwani. Hakuna aliyekukalisha darasani akakufundisha hilo, umekua nalo. Basi Kihispania kwa vitenzi vya -ar kinafanya hichohicho:

habla (ongea) → no hables (usiongee)
grita (piga kelele) → no grites
baja (shuka) → no bajes
compra (nunua) → no compres

A imekuwa e, umemaliza. Ndo maana nawaambia watu wasipitie Kiingereza wanapojifunza hii kitu, kule neno la kukataza linawekwa mbele na kitenzi kinabaki kilivyo, kwa hiyo ukitafsiri kutoka huko utasema "no habla" na hiyo sio amri kabisa, tutaiona. Anza na "usi" kichwani, ulimi utajigeuza wenyewe.

Tofauti moja ndogo: sisi tuna vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo havigeuki, usisahau, usifikiri, usijibu, mwisho unabaki vilevile. Kihispania hakina msamaha huo. Kusahau ni olvidar, na amri ni no olvides, lazima igeuke.

Sasa -er na -ir. Hapa a na e zinabadilishana viti, yaani kile kilichokuwa na e sasa kinapewa a:

come (kula) → no comas (usile)
corre (kimbia) → no corras
bebe (kunywa) → no bebas
abre (fungua) → no abras
sube (panda) → no subas

Kwa hiyo nusu ya kanuni unayo toka utotoni na nusu ya pili ni hiyohiyo ikiwa imepinduliwa. -er na -ir kwenye kukataza hazina tofauti yoyote kati yao, zichukulie kama kundi moja. Wenyewe hii hali ya kitenzi wanaiita subjuntivo na ukiendelea na lugha utaikuta sehemu nyingi sana, kwenye "nataka uje", "ni bora ukae" na kadhalika (angalia hata sisi hapo tunaweka e: ukae, uende, usome), kwa hiyo ukiishika kwenye kukataza umeshajitengenezea njia.

Nani unamkataza

Sisi mtu tunamweka mbele, u-si-guse, m-si-guse, tu-si-guse. Wao "no" haibadiliki hata siku moja, mtu anakaa mkiani mwa kitenzi. Chukua hablar:

no hables: we, mtu mliyezoeana (tú)
no hable: wewe wa heshima (usted)
no hablemos: tusiongee
no habléis: msiongee, kwa watu wa Hispania mliozoeana (vosotros)
no hablen: msiongee (ustedes)

Comer inakuwa no comas, no coma, no comamos, no comáis, no coman. Abrir inakuwa no abras, no abra, no abramos, no abráis, no abran. Ukiangalia vizuri mikia ni ileile, s, hakuna kitu, mos, is yenye alama ya mkazo kwenye irabu ya kabla, na n. Kinachobadilika ni ile e au a tu.

Kuhusu mkazo usihangaike sana. Neno la Kihispania linaloishia na irabu, n au s bila alama yoyote juu linakazwa silabi ya pili toka mwisho, kama Kiswahili. HA-bles, HA-blen, ha-BLE-mos, A-bran. Ile ya vosotros tu ndo inakazwa mwisho, ha-BLÉIS, na ndo sababu imewekewa alama. Na irabu zao tano ni kama zetu, a ni a, e ni e, hazimezwi, kwa hiyo tofauti ya hablas na hables ambayo wageni wengine wanaipoteza mdomoni we utaitoa safi bila kujitahidi.

Swali la tú au usted ndo linasumbua watu, mana sisi "wewe" ni moja na heshima tunaiweka kwenye shikamoo na kwenye mzee, mama, dada. Hispania siku hizi watu wanaingia kwenye tú haraka sana, hata dukani. Kolombia kuna watu wanaitana usted hata na ndugu zao wa damu, usishangae. Ajentina wana vos badala ya tú, ila kwenye kukataza wengi wanabaki na no hables ileile, na no hablés utaisikia pia hasa mtu akiwa mkali. Ushauri wangu: kwa mtu mmoja usiyemjua, mzee zaidi yako, anza na usted, yeye mwenyewe akitaka ukaribu atakwambia.

Kwa kundi sasa, hapa ndo pa kushika. Vosotros ni ya Hispania, huko Amerika ya Kilatini kwenye maongezi ya kawaida hawaitumii, wote ni ustedes. Wahispania kwa upande wao ustedes wanaielewa vizuri sana, kwao ni ya heshima tu. Kwa hiyo kama kichwa chako kina nafasi ya umbo moja la kundi, kariri la -n, halitakuangusha kwa Mmeksiko wala kwa mtu wa Sevilla. Ukishazoea ndo uongeze la vosotros, mana Wahispania vijana ukiwaambia ustedes siku nne mfululizo wataona kama unawahutubia.

Sentensi za kazini

Kwenye gari, iwe Serengeti, Mara au Amboseli:

No abran la puerta. (Msifungue mlango.)
No bajen del coche. (Msishuke kwenye gari. Wakolombia na Wavenezuela watasema carro.)
No griten, por favor. (Msipige kelele tafadhali.)
No saquen los brazos por la ventana. (Msitoe mikono dirishani.)
No alimenten a los monos. (Msiwalishe nyani.)
No tiren basura. (Msitupe takataka.)

Mlimani Kilimanjaro ambako pole pole inabidi uirudie mpaka koo likauke: no caminen tan rápido, msitembee haraka hivyo. No suban solos, msipande peke yenu. No beban agua del río, msinywe maji ya mtoni. Na pwani, Zanzibar, Diani, Watamu: no toquen el coral, msiguse matumbawe, no pisen los erizos, msikanyage wale wadudu wenye miiba baharini, no recojan conchas, msiokote kombe. Hiyo ya mwisho inaleta ubishi kila mara, mtu kashajaza mfuko.

Ongeza "por favor" mwanzoni au mwishoni na sauti ya kawaida, inatosha. Kuna watu wanaogopa amri kwa sababu wanahisi ni ukali, lakini kwa Kihispania amri fupi haihesabiki kuwa matusi, tena kwenye hatari ndo inayotakiwa. Ukitaka kulainisha zaidi kuna mejor no pamoja na kitenzi cha wakati uliopo, mejor no bajamos, bora tusishuke, hiyo tayari ni ushauri na sio amri, usiitumie simba akiwa karibu.

Tahajia: sauti haibadiliki, herufi ndo zinabadilika

Hapa ndo watu wanadhani wamekutana na kitenzi kikorofi kumbe ni cha kawaida kabisa. Umeona toca imekuwa no toques, sio "no toces". Sababu ni kwamba kwa Kihispania c mbele ya a inasomeka k, lakini c mbele ya e inasomeka s (na sehemu kubwa ya Hispania inasomeka kama th ya "thamani"). Ungeandika "toces" ingesomeka "toses", na hiyo ni kutoka kitenzi toser, kukohoa, yaani unamwambia mtu usiguse halafu anasikia "hukohoi", wala sio amri, na mwenzio anakuangalia tu. Kwa hiyo ili sauti ya k ibaki wanaandika qu. Toques inasomeka "tokes", u haitamkwi.

Mantiki ni hiyohiyo kwa wengine:

-car → que: sacar, no saques, acercar, no acerques
-gar → gue: pagar, no pagues (usilipe), llegar, no llegues tarde (usichelewe kufika). Inasomeka "pages" kwa g ya "gari", u ni bubu
-zar → ce: cruzar, no cruces (usivuke), abrazar, no abraces
-ger na -gir → ja: recoger, no recojas, exigir, no exijas. Hiyo j ni kh ya "khalifa", na ndo sauti iliyokuwepo kwenye recoger toka mwanzo

Ukiongea huhitaji kukumbuka chochote kati ya hivi, unageuza irabu tu na sauti inabaki pale pale. Ni kwenye kuandika tu, meseji ya WhatsApp kwa wageni kabla hawajafika, karatasi ya maelekezo ya hoteli, kibao. Huko makosa yanaonekana.

Halafu kuna coger. Kwa Hispania ni kitenzi cha kawaida kabisa cha kushika, kuchukua, kupanda basi, utasikia no cojas eso, usichukue hicho, mbele ya watoto na bibi yao. Meksiko na Ajentina neno hilohilo ni tusi la chumbani. Kama kundi lako limechanganyika tumia tomar, no tomes, no tomen, huko salama kote. Recoger yenyewe haina shida.

Kitu kinachofuata: "ni", "tu", "m" vinakaa wapi

Sehemu hii naipenda kuliko zote. Sisi kwenye usiniguse tuna vipande vitatu: usi, ni, guse. Kihispania: no, me, toques. Mpangilio ni uleule, kimoja kimoja, tofauti ni kwamba wao wanaacha nafasi katikati na sisi tunabananisha.

usi-ni-guse: no me toques
usi-i-fungue: no la abras (puerta, mlango, kwao ni la kike)
usi-ki-le: no lo comas
usi-wa-lishe: no los alimentes

Ila ukiamrisha kitu kifanyike, sio kukataza, kile kipande kinaruka nyuma na kugandamana na kitenzi: tócame, ábrela, cómelo. Na alama ya mkazo inaongezwa kwa sababu neno limerefuka. Watu wengi wanachanganya hapa, wanasema "no tócame" kwa kuwa wameanza kujifunza ile ya kuamrisha. Hapana, ukishasema "no" tu, kipande kinahamia mbele ya kitenzi, kila mara.

Kama unasali Baba Yetu una mfano tayari mdomoni. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "na usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu". Reina-Valera ya mwaka 1960 ambayo Waprotestanti wengi wa Kihispania wanaisoma inasema "y no nos metas en tentación, mas líbranos del mal". Angalia vizuri. Meter ni kutia, kitenzi cha kawaida cha -er, kwa hiyo e imekuwa a, metas. Usi-tu-tie, no-nos-metas, hata "tu" yetu na "nos" yao zimekaa sehemu moja. Alafu upande wa pili wa sentensi ni kuomba kitu kifanyike, na nos imerukia nyuma, líbranos, na alama yake juu. Wakatoliki wao wanasali "no nos dejes caer en la tentación", usituache tuanguke kwenye kishawishi, hapo ni dejar, -ar, kwa hiyo dejes yenye e. Makundi yote mawili, kukataza na kuomba, vyote ndani ya pumzi moja, mi sijaona mfano bora kuliko huo na hauhitaji kukaririwa upya.

Vipande vikiwa viwili, anayepewa anatangulia, kitu kinafuata: no me lo vendas, usiniuzie hicho. Kwa "yeye" ile le inageuka se mbele ya lo au la, no se lo vendas, usimuuzie. Haya ya viwili viwili yaache kwanza kama ndo unaanza.

Kuna vitenzi vinavyorudi kwa mtu mwenyewe, vina -se mwishoni kwenye kamusi, na vinafuata njia hiyohiyo. No te preocupes, usijali. No se preocupen, msijali. Kwenye gari: no se levanten, msisimame. Msituni kwa miguu: no se acerquen, msisogee karibu, no se separen del grupo, msiachane na kundi. Kwa vosotros inakuwa os: no os preocupéis, no os levantéis.

Kosa linalosikika sana

"No toca." Mtu anamwambia mgeni "no toca, no toca" akinyoosha kidole. Mgeni ataelewa kwa sababu ya kidole, lakini alichosikia ni "hagusi". No hablas ni "huongei", no hables ni "usiongee". No come ni "hali", no coma ni "usile". No abren ni "hawafungui", na ukimwambia mtu hivyo mlangoni pa duka ataondoka zake akijua duka limefungwa leo. Kiswahili kina hu- na usi- za kutofautisha, wao wana irabu moja tu, basi, ndo maana nasisitiza hiyo irabu uitoe wazi.

Na vipi kuhusu "chochote", "yeyote", "kamwe"? Kihispania hakiogopi kukanusha mara mbili: no toquen nada, msiguse chochote. No hables con nadie, usiongee na mtu yeyote. Nunca ikitangulia inachukua nafasi ya no, nunca abras esa puerta, usifungue mlango ule hata siku moja. Ukitaka kumwambia mtoto usilie tena ni ya no llores. Na ukishasema kitu mara ya kwanza hawakusikia unaongeza que mbele, ¡que no toques!, hiyo ni "nimesema usiguse!", mama yeyote wa Kihispania anaitoa mara kumi kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye vibao mambo ni tofauti. Huko wanaacha kitenzi kilivyo kwenye kamusi: No fumar, No tocar, No pisar el césped (usikanyage majani). Ile "usikojoe hapa" ya kwenye kuta zetu wangeandika No orinar aquí. Ukutani ni sawa, ila mtu akiwa mbele yako mwambie no fume, no toque, usimuongeleshe kama kibao. Na Biblia kwenye amri kumi inatumia wakati ujao, No matarás, yaani neno kwa neno ni "hutaua", ambapo sisi tuna "usiue". Hiyo ni ya kimaandiko, sio ya kumwambia mgeni kwenye gari.

Vile vyenye kona kona, haraka haraka

Badala ya kuanzia kwenye -ar au -er, anzia kwenye "mimi" ya wakati uliopo. Hablo, naongea. Toa o, bandika irabu ya upande wa pili: no hables. Como, no comas. Kwa vya kawaida jibu ni lilelile, lakini njia hii inakupa vikorofi vingi bure. Traigo (naleta), no traigan bolsas de plástico, msilete mifuko ya plastiki, meseji ya kuwatumia kabla hawajapanda ndege mana Kenya imepiga marufuku toka 2017 na Tanzania toka 2019. Salgo, no salgas, usitoke. Tengo, no tengas miedo, usiogope. Hago (nafanya), no hagas. Digo (nasema), no digas. Pongo (naweka), no pongas. Cierro (nafunga), no cierres, japo ukisema "tusifunge" inarudi no cerremos.

Vinavyokataa njia hii ni vile ambavyo "mimi" yake haiishii na o: soy, estoy, voy, doy, sé, he. Vinne vya kwanza ndo utavitumia: no seas (usiwe), no estés (usiwe, kwa hali au mahali), no vayas (usiende), no des (usitoe, usimpe). No den comida a los animales, msiwape wanyama chakula, hiyo utaihitaji sana.

Jipime kidogo. Geuza hizi, majibu yako chini, usiangalie kwanza:

1. Usikimbie (rafiki) – correr
2. Msinunue (kundi la Wameksiko) – comprar
3. Usilipe (mzee wa heshima) – pagar
4. Msifungue dirisha (vijana wa Madrid) – abrir, la ventana
5. Usiniguse (rafiki) – tocar
6. Tusivuke – cruzar
7. Msisogee karibu (kundi lolote) – acercarse
8. Usiiuze (rafiki, na kinachozungumziwa ni nyumba, la casa) – vender

Majibu: 1 no corras. 2 no compren. 3 no pague, ukiandika "page" atasoma kwa sauti ya kh. 4 no abráis la ventana, na ukisema no abran hawatakucheka, wataona tu una adabu. 5 no me toques. 6 no crucemos, z imekuwa c. 7 no se acerquen. 8 no la vendas, na kama umeandika "no véndela" rudi kwenye Baba Yetu.